Je, Kerezo Letu Dogo Libadilishwe?



Muhula huu karakana yetu ina mjadala mmoja tu. Kerezo letu la umeme, lile dogo la mezani, latetemeka na kupiga kelele. Wengi wasema litupwe, wazazi wachangishwe, na lipya liagizwe Dar es Salaam. Mimi naona kabla ya kumwomba mchango mzazi aliyeuza mpunga wake, yatupasa kwanza kuujua ugonjwa wa chombo chenyewe.

Kukereza si jambo geni. Mafundi wa Pwani walikereza matendegu ya vitanda kabla ya umeme, kwa kamba na upinde. Kanuni ni ile ile: mti wazunguka, patasi yatulia. Kwa hiyo mhimili usiyumbe.

Chomoa waya wa umeme, legeza mkanda, shika mhimili na uusukume juu na chini. Ukicheza, beringi zimekwisha. Wetu wacheza sana. Ubavuni mwa beringi zetu pameandikwa 6204. Zidisha 04 kwa 5, utapata 20, nayo ndiyo milimita za tundu la ndani. Beringi za namba hiyo hutumika katika mota nyingi za umeme, basi si kitu cha kuagiza ng'ambo. Kisha tulisogeza zile ncha mbili zinazoshika mti mpaka zikagusana, nazo zilikutana sawasawa. Reli hazikupinda, wala chuma cha kichwa hakina ufa. Kingekuwa na ufa, ningekuwa wa kwanza kusema litupwe, maana kipande kikiruka hakichagui uso.

Lawama ya pili ni mwendo. Mota yetu huzunguka mara 1,450 kwa dakika, na mhimili vivyo hivyo. Bakuli lenye upana wa sentimita 24 likizunguka hivyo, ukingo wake waenda mita 18 kwa sekunde, yaani kama kilomita 65 kwa saa. Huo ni mwendo wa basi! Ndiyo sababu kidato cha kwanza huogopa, nao wana haki. Lakini tukiweka puli ya milimita 50 kwenye mota na ya milimita 150 kwenye mhimili, mizunguko yashuka hadi 483, na nguvu ya kuzungusha yaongezeka.

Wako wanaosema kwamba jioni kerezo hukwama. Hapo kosa ni la umeme. Ingawa mitambo ya Kidatu, yenye megawati 204, iko jirani nasi, volti zikishuka kutoka 230 hadi 180 mota hubaki na nguvu kama sehemu 6 tu katika 10 ya kuzungushia. Kerezo jipya lenye mota kama hii litakwama vile vile.

Kasoro moja haina dawa: urefu. Kati ya ncha na ncha ni sentimita 45, na mguu wa meza ya bwalo ni 70. Lakini mguu wa meza si lazima ukerezwe, randa yatosha. Miguu ya vigoda na miti ya kusukumia chapati yaingia bila taabu.

Shauri langu ni kununua beringi mbili, puli mbili na mkanda, kisha tulijaribu muhula mzima. Ikiwa shule itataka kuuza mabakuli makubwa ya msaji, mti uliopandwa kwa wingi bondeni humu tangu miaka ya 1990, hapo tutafute kerezo kubwa na zito. Sisi wa kidato cha nne tutakuwa tumekwisha ondoka. Watakaolitumia ni kidato cha tatu, basi nao waitwe kikaoni.