Mwisho wa Juma: Ni Nani Anayepumzika?

Tunapozungumzia mapumziko ya Jumamosi na Jumapili, hebu tujiulize ni nani hasa anayepumzika. Mwenye ajira hufunga kazi, na mtoto wa shule huweka madaftari pembeni. Kazi ya mama haina kengele ya kutokea.

Tuchukue mfano wa Mnyuzi, wilayani Korogwe, kwenye nchi ya chini ya Usambara Mashariki. Hapo ndipo reli itokayo Ruvu, iliyojengwa mwaka 1963, inapoungana na ile ya Tanga kwenda Moshi. Ni nchi ya mkonge, mahindi na muhogo. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba, na mvua haiulizi leo ni siku gani. Ikinyesha Ijumaa usiku, Jumamosi alfajiri jembe liko begani. Kimbunga Hidaya kilipofika pwani yetu tarehe 4 Mei 2024, nayo ilikuwa Jumamosi.

Bustani ya mboga nyuma ya nyumba ndiyo kazi inayofaa kufanywa na wote siku hiyo, kabla jua halijawa kali. Wakati wa masika inua matuta ili maji yapite, maana bamia na nyanya zikisimama kwenye maji huoza mizizi. Vuli ikiwa haba, fanya kinyume: chimba vitalu vilivyozama kidogo, tandaza majani makavu juu ya udongo, na maji ya kuoshea mboga yasimwagwe uani. Mchicha huwa tayari kwa wiki tatu au nne tu, hivyo mtoto aliyeusia mwenyewe huuona ukifika mezani kabla hajausahau. Mpeni kila mtoto tuta lake, wa kiume kwa wa kike. Mvulana anayeweza kukimbia uwanjani dakika tisini anaweza kubeba ndoo mbili za maji.

Sasa tuje kwenye mpira, maana hapa ndipo manung'uniko mengi yalipo. Hatuna ugomvi na mpira. Mkoa wa Tanga una haki ya kuupenda: Coastal Union, Wagosi wa Kaya, walichukua ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1988, na wazee wangali wanausimulia. Shida yetu ni saa. Mechi ya Simba au Yanga inayoanza saa kumi alasiri huisha jua lingalipo. Lakini zile za Uingereza zinazoanza huko saa tisa alasiri, kwetu ni saa kumi na moja au kumi na mbili jioni, kutegemea majira yao. Hiyo ndiyo saa ya kuteka maji, kuogesha watoto na kuwasha moto! Baba yuko kwenye kibanda umiza, vijana wamemfuata, na mama yuko jikoni na binti peke yao. Mpira ukiisha, wote wanarudi na njaa, na aliyefungwa anarudi na hasira pia.

Ratiba hujulikana mapema, basi tuitumie. Baba na vijana watakaokwenda kuangalia mpira wateke maji na kupasua kuni mchana. Kiingilio kipangwe pamoja na matumizi mengine, kisichotwe kwenye fedha ya mboga. Watoto wadogo wasiachwe kibandani hadi usiku. Na binti naye akitaka kuangalia, apewe nafasi. Twiga Stars walicheza fainali za wanawake za Afrika huko Morocco mwaka 2025, na hawakufika huko kwa kukaa jikoni.

Jumapili ni ngumu zaidi, kwa kuwa mama huamka mapema kuliko siku nyingine ili wote wawahi ibada, kisha hurudi kupikia wageni. Someni tena amri ya sabato katika Kutoka 20. Wametajwa mwana na binti, watumishi, hata wanyama na mgeni. Mke hakutajwa kwa jina lake, nasi hatuamini kwamba aliachwa nje ili abaki akipika. Chakula cha Jumapili kiwe chepesi, maharage yachemshwe tangu Jumamosi jioni, na vyombo vioshwe na waliokula.

Wapo watakaosema wanaume wa kwetu hawatakubali. Baadhi hawatakubali Jumamosi ya kwanza. Mwambie baba watoto mapema, Alhamisi, wakati hakuna mechi.