MTOTO ANAYEKATAA CHAKULA SI MKAIDI

Wako watoto wanaokataa chakula siku zote. Ukimpa uji laini, anameza. Ukimpa ndizi za kupondwa au makande, anatapika. Wengine hulia wakiguswa mdomoni, au ugali ukiwashika mkononi.

Huku Upareni utasikia watu wakisema, "Mama yake kamdekeza." Wengine husema karogwa. Siyo kweli.

Kwa nini inakuwa hivyo?

Ulimi, ngozi na pua hupeleka habari kwenye ubongo. Kwa watoto wengine, ubongo hauzipokei vizuri habari hizo. Punje moja ya mahindi mdomoni ni kama jiwe. Shida hii huwapata zaidi watoto waliozaliwa njiti, wenye mtindio wa ubongo na wenye usonji.

Lakini vidonda vya mdomo na magonjwa mengine pia huzuia kula. Kwa hiyo kwanza nenda zahanati na kadi ya kliniki. Uzito ukishuka, au mtoto akikohoa kila anapolishwa, usingoje.

Usimlishe kwa nguvu

Wako wanaombana mtoto pua ili ameze. Hiyo ni hatari. Chakula kinaweza kuingia kwenye mapafu, mtoto akapata nimonia, hata akafa. Tena kesho yake akiona kijiko tu, analia.

Kwa mtoto aliyetimiza miezi 6, fanya hivi:

1. Mketishe wima. Kichwa kisilale nyuma.
2. Tumia kijiko kidogo. Ngoja ameze kwanza.
3. Anza na chakula anachokikubali. Uji uufanye mzito kidogo kidogo, kwa siku nyingi.
4. Mwache ashike chakula, akinuse, akichezee. Asipokula leo, mpe tena siku nyingine. Huenda akakubali baada ya mara 10 au zaidi.
5. Akigeuza uso, pumzika.

Wako wataalamu wa kazi hii. Wanaitwa watoa tiba kwa vitendo. Hospitali ya KCMC, Moshi, ina chuo kinachowafundisha. Ni kama kilomita 100 kutoka Same mjini. Mwombe mganga wa zahanati akuandikie barua ya rufaa. Na akina baba, nauli ya safari hiyo ni juu yenu pia. Msimwachie mama peke yake.

Haba na haba hujaza kibaba. Kijiko kimoja leo, viwili mwezi ujao, mtoto anakua.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini ni hatari kumlisha mtoto kwa nguvu?
2. Majirani wanaweza kumsaidiaje mama mwenye mtoto kama huyu?