Kweli au Si Kweli: Shida Humfunua Binadamu Vipi?

Kuna maneno kuhusu binadamu na shida ambayo hatuyahoji kwa sababu tumeyasikia tangu utotoni. Baadhi yamepimwa na watafiti, mengine yamepimwa na ajali na misiba yetu wenyewe. Yanafaa kuhojiwa, maana anayeamini kuwa wenzake ni wanyama atawakimbia siku ile ile atakayowahitaji. Haya hapa matano.

1. "Mambo yakiharibika, kila mtu huokoa roho yake."

SI KWELI. Asubuhi ya Novemba 6, 2022, ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ilianguka Ziwa Victoria ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Ndani mlikuwa na watu 43. Waliotangulia kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, watu ambao hakuna aliyewafundisha uokoaji na ambao hawakumjua abiria hata mmoja.

Mvuvi kijana, Majaliwa Jackson, alieleza baadaye kwamba alitumia kasia kuufungua mlango wa nyuma, abiria wakaanza kutoka. Kisha akazamia upande wa marubani, wakawasiliana kwa ishara kupitia kioo. Katika jitihada za kuwafikia, kamba iliyotumiwa na waokoaji ilikatika ikampiga usoni, akapoteza fahamu na kuzindukia hospitalini. Watu 19 walifariki, wakiwemo marubani wote wawili. Watu 24 walitoka hai.

Bukoba haikuwa ajabu. Enrico Quarantelli na wenzake, walioanzisha kituo cha kuchunguza maafa huko Ohio, Marekani, mwaka 1963, waliliona jambo hilo hilo katika mafuriko, matetemeko na milipuko: hofu huwapata wote, lakini kukanyagana ovyo ni nadra kuliko tunavyodhani. Mara nyingi waokoaji wa kwanza ni majirani na wapita njia. Waporaji wapo, na habari zao husambaa upesi. Lakini si wao walio wengi.

2. "Maumivu ni ya mwenyewe, kukaa naye hakumpunguzii kitu."

SI KWELI. Mwaka 2006 James Coan na wenzake walichapisha utafiti wa wanawake 16 walioolewa. Kila mmoja alilazwa ndani ya mashine inayopiga picha za ubongo, akaambiwa huenda akapigwa shoti ndogo ya umeme. Aliposhikwa mkono, sehemu za ubongo zinazoshughulika na hatari zilitulia, hata kama aliyemshika hakuwa akimfahamu. Aliposhikwa na mumewe zilitulia zaidi, na waliokuwa na ndoa nzuri walipata utulivu mkubwa kuliko wote.

Wakenya wana ushahidi wao. Bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, Agosti 7, 1998, na kuua zaidi ya watu 200, jengo jirani la Ufundi liliporomoka. Chini ya kifusi, Rose Wanjiku na Sammy Ng'ang'a, wasioweza kufikiana, waliendelea kusemezana gizani. Ng'ang'a aliokolewa. Rose alifariki kabla waokoaji hawajamfikia. Sauti haiwezi kuinua zege, lakini mtu aliyenaswa na mwenzake anayemwitikia hayuko katika hali moja na aliyenaswa peke yake.

3. "Shida humkomaza mtu."

NUSU KWELI. Ni kweli kwamba binadamu ni mgumu kuvunjika kuliko anavyojidhania. George Bonanno, mtaalamu wa saikolojia Marekani, amechunguza wafiwa kwa miaka mingi na kukuta kwamba wengi huendelea na maisha yao bila kuanguka, na hilo si dalili ya kukosa upendo.

Lakini njaa ya utotoni na kipigo cha kila wiki havimkomazi mtoto. Vinamdhoofisha mwili na akili. Emmy Werner na wenzake walifuatilia watoto waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, hadi utu uzima. Kati ya wale waliokulia kwenye umaskini na familia zenye misukosuko, karibu theluthi moja walikua vizuri. Mojawapo ya mambo yaliyowatofautisha ni kuwa na angalau mtu mzima mmoja wa kumtegemea: bibi, shangazi, mwalimu au jirani. Tunaisifia shida kwa kazi iliyofanywa na mtu huyo.

4. "Mwenye msongo wa mawazo aachiwe wataalamu tu."

SI KWELI, kwa sehemu kubwa. Zimbabwe ina madaktari wachache mno wa magonjwa ya akili. Mmoja wao, Dixon Chibanda, alianza mwaka 2006 kuwafundisha kina bibi wa mitaani mjini Harare kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, kuwasikiliza na kuwasaidia kuchagua tatizo moja la kuanza nalo. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, takriban asilimia 14 ya waliohudumiwa na kina bibi walikuwa bado na dalili za sonona, dhidi ya asilimia 50 ya waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hadi Zanzibar.

Bibi hao walifundishwa na walikuwa na wa kuwasimamia. Anayetaka kujiua, au anayesikia sauti zisizokuwepo, afikishwe hospitali bila kuchelewa. Wala usimlazimishe mtu kusimulia yaliyompata siku ile ile. Utafiti umeonyesha kuwa kikao kimoja cha kumtaka mtu aeleze yote mara tu baada ya tukio hakimkingi na athari za baadaye.

5. "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki."

KWELI, LAKINI HAITOSHI. Shelly Gable na wenzake, mwaka 2006, waliwachunguza wapenzi wakizungumza mambo mema na mabaya yaliyowapata. Namna mtu alivyopokea habari njema za mwenzake ilieleza afya ya uhusiano wao kuliko alivyopokea habari mbaya. Wapo wanaokuja mbio ukifiwa lakini wakanuna ukipandishwa cheo. Rafiki mpime pia siku ya furaha yako.

Kwa hiyo tusingoje dhiki ituonyeshe nani ni mtu. Wengi wetu hufika msibani siku ya maziko, tukachanga, kisha tukatawanyika. Mpigie aliyefiwa mwezi wa tatu baada ya maziko, wakati simu yake imenyamaza. Usihangaike kutafuta maneno ya hekima. Muulize kama kodi ya nyumba imelipwa, nani anampeleka mtoto shule, na ni siku gani uende mkale pamoja.