Faradhi ya Jasusi Nambari 116

Ukiwauliza wapenzi wa senema za Kihindi hapa Likoni wakutajie picha ya ujasusi, wengi watakutajia "Ankhen" ya mwaka 1968, aliyocheza Dharmendra. Wachache mno wataikumbuka "Farz", iliyotoka mwaka mmoja kabla yake. Mimi nasema wanaidhulumu.

Steringi wake ni Jeetendra, ambaye wengi humjua kwa zile picha za miaka ya 1980 za kucheza na kurusha miguu. Humu yeye ni Gopal, jasusi nambari 116. Mwongozaji ni Ravikant Nagaich, na hadithi imetokana na picha ya Kitelugu ya mwaka 1966, "Goodachari 116". Kwamba mambo ya nambari yametoka kwa James Bond, hilo halifichiki. Lakini kuna jambo humu ambalo Bond wa siku zile hakulijua, nalo nitalieleza.

Kwanza nautaja mwanzo wake. Jasusi nambari 303 agundua njama ya wahaini, na hapo hapo auawa. Sisi vijana tuliozoea kwamba wetu hafi, tulinyamaza kimya. Tukafahamu kuwa adui huyu hana mchezo.

Pili ni ule wimbo ambao Jeetendra acheza na viatu vyeupe, sauti ikiwa ya Mohammed Rafi. Siku ya pili yake nilivipaka chokaa viatu vyangu vya raba. Mvua ilinifedhehesha kabla sijafika feri.

Tatu ni wimbo wa siku ya kuzaliwa, anaoimbiwa Sunita, yaani Babita. Lahani ni ya Laxmikant na Pyarelal. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufunzwa utamu wa lahani za Kihindi. Marehemu Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alituimbia tarabu kwa lahani za namna hiyo miaka na miaka. Lakini wimbo huu una uchungu ndani yake, kwani nyayo za muuaji anazozifuata Gopal zaelekea nyumbani kwa Sunita mwenyewe.

Na hapo ndipo penye moyo wa picha. Baba yake Sunita, Damodar, yumo katika njama, ingawa naye ni mtumwa tu wa mkubwa aitwaye Supremo. Gopal ampenda binti, na kazi yake ni kumwandama baba. Bond humaliza kazi akaenda zake. Gopal akimaliza kazi, ni lazima atazamane na mtu ampendaye.

Nami siku ile nilikuwa na baba wa kutazamana naye. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 nilivuka feri kwenda mjini bila ya ruhusa, nikaingia onyesho la saa kumi na mbili za jioni. Niliporudi Likoni nilimkuta mzee barazani, tasbihi mkononi.

"Watoka wapi?"

Nikasema kweli, kwani mchanga wa uongo ulikuwa umeniishia. "Senema, baba."

"Picha gani?"

"Yaitwa Farz."

Akanyamaza kidogo. "Na wajua maana yake?"

Nikajibu kuwa ni jina la Kihindi tu.

"Si la Kihindi tu. Hilo ni neno la Kiarabu, wao wamelichukua na sisi tumelichukua. Ni faradhi. Basi huyo Mhindi ametimiza faradhi yake?"

"Ametimiza, baba."

"Na wewe, Magharibi yako umeiswali wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikwenda kutawadha, nikalipa sala yangu, na fimbo niliyoingojea haikuja.

Mzee amekwisha tangulia mbele ya haki. Kila niitazamapo "Farz", Gopal anapoufikia mlango wa Damodar, mimi husikia lile swali la barazani.