Kutoka ua la dahlia mpaka muhogo wa Fizi

Huku kwetu Fizi, nani ananunua mbegu ya muhogo ndani ya pakiti? Jirani anakukatia miti, unaifunga kamba, unaibeba kichwani mpaka shambani. Mama anayependa maua pale Baraka anafanya vilevile: anavunja tawi kwenye lupango ya rafiki, anachomeka kwake, na rangi inatoka ileile.

Shida ni kwamba mti ukihama, ugonjwa unahama nao. Ile mozaiki inayokunja majani na kuyatia madoa ya njano inaenezwa na inzi mweupe mdogo sana, lakini pia na mikono yetu wenyewe. Familia iliyokimbia vita, ikirudi inakuta shamba limekuwa pori, inaomba miti popote. Ikipewa yenye ugonjwa, itangoja miezi mingi halafu ichimbe mizizi myembamba kama vidole. Bukari itatoka wapi?

Dawa ya kupuliza ili kuua virusi ndani ya muhogo haiko. Njia ya kuvikwepa ilitoka kwa watu wa maua. Mwaka 1952, Wafaransa wawili, Georges Morel na Claude Martin, walikuwa na dahlia zenye virusi. Walikata ncha kabisa ya chipukizi, kipande kidogo kuliko kichwa cha pini, kwa sababu mara nyingi virusi havijafika pale. Wakakilea ndani ya chupa, wakapata dahlia nzima. Leo mihogo, ndizi na viazi vinasafishwa kwa njia hiyo. Ndani ya chupa hakuna udongo: kuna maji, sukari na chumvi za kulisha mmea, vyote vimechemshwa ili kuua vijidudu. Ncha moja inaweza kuzaa mimea mingi, yote pacha.

Lakini pacha ni pacha. Mwenye kutaka rangi mpya anapitisha vichipukizi kwenye miale ya gama, inayotoka kwa kobalti-60. Miale inagusa urithi wa mmea bila kuchagua. Vingi vinakufa ao vinaharibika. Vichache vinaleta kitu kipya. Krisantemu ya pinki inaweza kutoa watoto weupe ao wa njano. Kwa chakula pia imefanyika: Malaysia ilitoa ndizi Novaria, inayozaa mapema, na Kenya ilitoa ngano Njoro-BW1 mwaka 2001, inayovumilia ukame.

Wengine wanaogopa: si tutakula sumu? Hapana. Ni kama mtu anayepigwa radio ya kifua hospitalini: miale inapita, haibaki ndani yake. Kazi ngumu ni kuchagua. Ua jipya unaliona kwa macho siku linapochanua. Muhogo ao ndizi, lazima ujaribu shambani miaka kadhaa mbele ya kuwapa watu.

Kwa hiyo sisi tuanze na usafi. Karibu na Bukavu, INERA ya Mulungu na IITA ya Kalambo wamefanya utafiti juu ya ndizi na mihogo. Lakini mche wa chupa ni kama mtoto mchanga: unahitaji kivuli na maji wiki kadhaa mbele ya kuonja jua la Tanganyika. Tena kuwa safi si kuwa na kinga. Ukiupanda kando ya shamba lenye mozaiki, inzi ataurudisha kwenye ugonjwa.

Basi, hata bila maabara, msimu huu tunaweza kufanya kitu. Pita shambani mihogo ingali michanga, ng'oa yenye majani yaliyokunjamana. Ile mizima kabisa, ifunge alama ya kitambaa, na ukate miti ya kupanda kwa hiyo peke yake. Jirani akikuomba, mpe kutoka kwa ile ya kitambaa. Zawadi ya miti ni desturi nzuri yetu. Tusiitumie kugawa njaa.