Kazi Mchana, Chuo Jioni: Usilipe Karo kwa Usingizi

Leo tunazungumza nawe uliyeajiriwa na papo hapo umejiandikisha chuoni kusomea biashara, tena si kwa kuchukua somo moja moja, bali umebeba mzigo mzima wa muhula sawa na mwanafunzi asiye na kazi. Huenda ni shahada ya kwanza, huenda ni ile ya uzamili ambayo wengi tunaijua kama MBA, au unajiandaa kwa mitihani ya uhasibu ya kasneb. Unatoka kazini saa kumi na moja jioni, darasa linaanza saa kumi na moja na nusu, na chakula cha mchana kilikuwa chai na mandazi mawili.

Wenzako ni wengi. Tangu mwaka 1998, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanzisha masomo ya kujilipia yaliyoitwa Module II, na vyuo vingine vikafuata, madarasa ya jioni ya biashara yamepokea makarani, walimu, wauguzi, wauzaji wa duka na maafisa wa benki. Hilo ni jambo la kupongezwa. Mtu anayejilipia karo kwa jasho lake hahitaji kuhubiriwa kuhusu bidii.

Sasa utauliza, haya yanahusu nini kipindi cha afya? Wewe ni mtu wa biashara, basi tufanye hesabu. Juma lina masaa 168, na hakuna benki itakayokukopesha hata moja zaidi. Tuseme kazi yako ni siku tano, masaa tisa kila siku pamoja na mapumziko ya mchana. Hayo ni 45. Safari ya kwenda kazini, kwenda chuoni na kurudi nyumbani, kwa msongamano wa magari tunaoujua, tuweke masaa matatu kwa siku: 15. Yuniti tano za muhula, kila moja masaa matatu darasani: 15 mengine. Kujisomea, kuandika kazi za vikundi na kukamilisha insha, tuseme masaa mawili kwa kila saa moja ya darasani: 30. Jumla ni 105. Yamebaki 63. Ukilala masaa saba kila usiku, 49 yamekwenda. Umebakiwa na 14 kwa juma zima, yaani masaa mawili kwa siku ya kuoga, kupika, kula, kufua, kuangalia watoto, kwenda kanisani au msikitini, na kumpigia mama simu.

Hesabu hiyo haiwezekani kwa wengi, na kila mtu anajua ni wapi pengo hujazwa. Hakuna anayeweza kumpunguzia mwajiri masaa kwa siri. Mhadhiri naye ana orodha ya mahudhurio. Usingizi peke yake ndio hauna msemaji, kwa hiyo huo ndio unaokatwa. Kwanza unalala masaa sita, kisha matano, na ikikaribia mitihani matatu.

Wataalamu wa usingizi wa Marekani waliokutana na kutoa mwongozo wao mwaka 2015 walisema mtu mzima anahitaji masaa saba au zaidi kila usiku. Msikilizaji mmoja atasema, "Mimi nimezoea masaa sita, sisikii kitu." Hapo ndipo pabaya. Mwaka 2003, watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha matokeo ya jaribio ambalo watu waliwekwa chini ya uangalizi kwa siku 14. Baadhi waliruhusiwa kulala masaa manane, wengine sita, wengine manne. Waliolala masaa sita au manne walizidi kuzorota siku baada ya siku katika umakini na kumbukumbu, mpaka mwishoni wakawa kama watu waliokesha kabisa, hadi usiku mbili mfululizo. Lakini walipoulizwa wanajisikiaje, walisema wana usingizi kidogo tu. Mwili ulikuwa umezoea kuchoka, wala haukuwa umepona uchovu. Ni kama duka linaloendelea kufunguliwa kila asubuhi huku mwenyewe hajafungua daftari la madeni.

Lingine ni hili. Watafiti wa Australia walionyesha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho masaa 17 hufanya kazi ya macho na mikono kwa kiwango cha mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Akifikisha masaa 24, huwa kama mwenye 0.10. Ukiamka saa kumi na moja alfajiri ili uwahi matatu ya kwanza, masaa yako 17 yanatimia saa nne usiku. Wakati huo pengine ndio unashuka kituoni na kuvuka barabara kuu gizani, au unaendesha gari lako kurudi Rongai au Ruiru. Kuna usingizi wa sekunde chache tu unaomchukua mtu macho yakiwa wazi, na sekunde chache barabarani zinatosha kumaliza maisha. Ukiona umefika mahali na hukumbuki ulivyopita njiani, usiendeshe gari wala pikipiki usiku huo.

Tena, hata masomo yenyewe yanapotea. Mwaka 1924, katika Chuo Kikuu cha Cornell, wanafunzi wawili walikariri maneno yasiyo na maana, kisha mara nyingine wakalala na mara nyingine wakabaki macho. Walipolala, walikumbuka mengi zaidi kuliko walipokaa macho muda ule ule. Tafiti nyingi tangu hapo zimethibitisha kwamba ubongo hupanga na kuhifadhi tuliyojifunza tunapolala. Kwa hiyo anayekesha na daftari la takwimu mpaka saa kumi, kisha akaingia chumba cha mtihani, ameweka pesa benki halafu amekataa stakabadhi. Karo ameshalipa, na akianguka atalipa tena kurudia somo lile lile.

Basi ufanye nini? Ushauri wetu wa kwanza hauhusu dawa wala chakula. Punguza yuniti. Nenda katika ofisi ya msajili au ya mkuu wa idara mwanzoni mwa muhula, kabla tarehe ya mwisho ya kubadilisha masomo haijapita, uulize kama unaweza kuchukua tatu badala ya tano. Rudi kwenye hesabu yetu: yuniti mbili zikitoka, masaa sita ya darasani na 12 ya kujisomea yanarudi mfukoni mwako. Hayo ni masaa 18 kwa juma. Utamaliza baadaye kuliko wenzako, ni kweli, na shangazi kijijini atauliza mbona hujafuzu bado. Mwache aulize. Kumaliza kwa kuchelewa ni nafuu kuliko kuacha katikati ukiwa mgonjwa, na hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyokubali.

La pili, mwambie bosi wako. Wengi huficha wakiogopa kuonekana hawako makini kazini, kisha siku ya mtihani inafika wanatoweka au wanajifanya wagonjwa. Hapo unahatarisha kibarua chako. Chini ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kukosa kazini bila ruhusa wala sababu halali ni moja ya makosa yanayoweza kukufutisha papo hapo. Lakini sheria hiyo hiyo inakupa likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi, yenye malipo kamili, baada ya kufanya kazi miezi 12 mfululizo, na siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Ratiba ya mitihani ikitoka, ipeleke kwa mwajiri mapema, mkubaliane ni siku zipi za likizo utazichukua wakati huo. Zichukue kuanzia siku mbili au tatu kabla ya karatasi ya kwanza, ulale kwanza, ndipo usome.

Tuje kwenye kahawa. Kafeini iliyo katika kahawa, chai na vile vinywaji vya kuongeza nguvu haikupi nguvu yoyote. Inaziba tu sauti ya mwili inayosema umechoka. Kwa mtu wa kawaida huchukua kama masaa matano kwa nusu yake kuondoka mwilini. Kikombe cha saa mbili usiku, wakati wa mapumziko ya darasa, nusu yake bado imo ndani saa saba usiku ukijigeuza kitandani. Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba kafeini nyingi iliyonywewa masaa sita kabla ya kulala ilipunguza usingizi kwa zaidi ya saa moja. Kunywa asubuhi na mchana, kisha ukomee hapo. Chai yetu ya maziwa nayo ina kafeini, isikudanganye kwa weupe.

Badala ya kikombe cha jioni, sinzia. Dakika 20 ndani ya matatu kati ya kazi na chuo zina faida kuliko kurasa nne utakazosoma bila kuelewa. Weka simu mfuko wa ndani na ukumbatie mkoba, maana si kila abiria anakwenda darasani. Usizidishe nusu saa, la sivyo utaamka na kichwa kizito. Jumamosi unaweza kulala zaidi kidogo kulipia deni, ila usilale mpaka saa saba mchana, kwani Jumapili usiku usingizi utakukataa na Jumatatu itaanza na deni jipya.

Nao walinzi, wauguzi na wafanyakazi wa hoteli wanaofanya zamu ya usiku na kusoma mchana, kwenu kazi ni ngumu zaidi. Saa ya mwili huongozwa na mwanga, na usingizi wa mchana huwa mfupi na mwepesi. Ziba dirisha kwa leso nzito au blanketi, zima simu, na waeleze wa nyumbani kwamba masaa hayo ni usiku wako. Kama ratiba inaruhusu, chagua madarasa ya alasiri ili ulale mara utokapo zamu.

Kuhusu tumbo, tusahihishe jambo moja. Watu husema kukosa chakula huleta vidonda vya tumbo. Njaa huleta kiungulia na maumivu, lakini vidonda vingi huletwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ugunduzi uliowapa madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, tuzo ya Nobel mwaka 2005. Kisababishi kingine kikubwa ni dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki. Mwanafunzi aliyechoka huumwa kichwa, akameza vidonge vya dukani kila jioni kabla ya darasa, tena tumbo tupu. Kichwa hicho huenda kinaomba maji, chakula na usingizi. Beba ndizi, karanga, au githeri kwenye kikopo, ule kabla hujaingia darasani.

Nenda kituo cha afya ukiona haya: choo cheusi kama lami au kutapika damu, na hapo usingoje hata kesho, maumivu ya kifua, kichwa kinachouma siku nyingi, ili upimwe presha, kukosa usingizi hata unapopata nafasi ya kulala, au huzuni na kukata tamaa kusikoisha kwa wiki mbili. Ukianza kufikiri kwamba afadhali usingekuwapo, mwambie mtu leo hii, awe ndugu, rafiki au mhudumu wa afya, wala usisubiri mitihani iishe.

Muda wetu umekwisha. Kama saa yako inasoma saa nne na kesho una kazi, zima redio, ukalale.