Hesabu ya Uwakili: Kupima na Kuboresha Utunzaji wa Mazingira katika Ofisi za Serikali, Kinondoni na Temeke

Utangulizi

Tunapozungumza habari za uharibifu wa mazingira, mawazo yetu huenda upesi kwa mchoma mkaa wa Kisarawe, kwa mvuvi wa baruti, au kwa mama anayemwaga taka mtaroni baada ya mvua kuanza. Ni mara chache tunapoifikiria ofisi. Hata hivyo ofisi nayo hula na kutupa. Inakula umeme, maji, karatasi na mafuta ya gari. Inatupa taka, moshi na majitaka. Na ofisi ya serikali ina jambo la ziada: ndiyo inayosimamia sheria inayowabana mchoma mkaa, mvuvi na mama yule.

Makala hii inakusudia kueleza jinsi ofisi ya serikali, hasa katika maeneo ya pembezoni ya Dar es Salaam kama Bunju, Tegeta, Mbagala na Chamazi, inavyoweza kupima namna inavyotunza mazingira, na jinsi ya kuyatumia matokeo hayo kwa marekebisho. Wasomaji wetu, wachungaji na wanafunzi wa theolojia, wanaweza kuuliza jambo hili linawahusu nini. Jibu ni kwamba washarika wetu wengi ni wahasibu, madereva, watendaji wa kata na wahudumu wa ofisi hizo. Kazi yao ya kila siku ni wito, na anayewalea kiroho hana budi kuielewa.

Jiji na jalala lake

Kumbukumbu za Dar es Salaam zinatufundisha kwamba serikali yenyewe inaweza kuwa mchafuzi. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu kwa sababu ya moshi na harufu ya jalala lililokuwa katikati ya makazi yao. Mahakama iliamuru jalala liondolewe. Halmashauri iliomba kuongezewa muda, tena na tena, hata mwaka 1991 Jaji Lugakingira akakataa, akiunganisha uchafuzi wa hewa na haki ya kuishi iliyomo katika ibara ya 14 ya Katiba. Taka zikapelekwa Kunduchi Mtongani, upande wa Kinondoni. Wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani mwaka huohuo wa 1991, nao wakashinda. Baadaye zikapelekwa Vingunguti, kisha Mtoni katika Temeke, na hatimaye Pugu.

Katika safari hiyo yote jalala lilihama, lakini swali la msingi halikuhama: ni nani anazalisha taka hizi, na kwa kiasi gani? Anayehamisha taka bila kuzihesabu anahamisha mzigo kutoka mgongo wa jirani mmoja kwenda mgongo wa mwingine.

Sheria na sera hazikukosekana. Mradi wa Dar es Salaam Endelevu ulianza mwaka 1992, mwaka uleule wa Mkutano wa Rio. Sera ya Taifa ya Mazingira ilitolewa mwaka 1997 na kutolewa upya mwaka 2021. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaitaka kila halmashauri kuwa na afisa wa usimamizi wa mazingira, na kila wizara ya kisekta kuwa na kitengo cha mazingira. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchi nzima. Kinachobaki ni mazoea ya kila siku ndani ya kuta za ofisi, nayo hayaonekani mpaka yapimwe.

Nini kipimwe

Uendelevu wa mazingira maana yake ni kutumia vitu vya uumbaji kwa namna ambayo kesho navyo vitakuwapo, na kutupa kwa kiasi ambacho ardhi, maji na hewa vinaweza kukipokea. Kwa ofisi ya kawaida mambo matano yanatosha kuanzia.

(a) Umeme. Kipimo chake ni uniti. Ofisi nyingi hutumia mita za LUKU, na hapo pana mtego: uniti zilizonunuliwa mwezi huu si lazima ziwe zimetumika mwezi huu. Kwa hiyo mtu asome mita yenyewe siku ya mwisho ya mwezi, aandike kiasi kilichobaki, na kufanya hesabu ya kilichotumika. Pale ambapo ofisi ya kata inashiriki mita moja na zahanati au kituo cha polisi, mita ndogo ya pembeni ifungwe. La sivyo hakuna atakayejua nani ametumia nini.

(b) Maji. Ankara ya DAWASA hutoa sehemu ya habari tu. Ofisi nyingi za pembezoni hutegemea pia kisima kirefu au maji ya boza. Kisima hakileti ankara, na kwa sababu hiyo watu hudhani maji yake ni ya bure. Lakini katika ukanda wa pwani kisima kinachovutwa kupita kiasi huweza kuingiza maji ya chumvi. Kila kisima kifungwe mita, na kila boza liandikwe kwa lita.

(c) Karatasi. Afisa ugavi ahesabu rimu zinazotoka bohari, si zile zinazoingia. Rimu moja ya A4 ya kawaida ina uzito wa kilo 2.5 hivi, ofisi inayotumia rimu 60 kwa mwezi inatumia kilo 150 za karatasi.

(d) Taka. Haihitajiki mitambo. Kwa siku tano za kazi, kila jioni, taka zitenganishwe katika mafungu manne: mabaki ya chakula, karatasi, plastiki, na vitu vya hatari kama betri, katriji za wino na taa za mirija zenye zebaki. Kila fungu lipimwe kwa mizani ya kawaida ya sokoni. Zoezi hili lirudiwe mara mbili au tatu kwa mwaka.

(e) Mafuta. Daftari la safari la kila gari na la jenereta litoe lita za kila mwezi. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ya ukaa. Hivyo lita 400 ni zaidi ya kilo 1,000, yaani tani moja na ziada.

Kulinganisha kwa haki

Takwimu za mwaka wa kwanza ndizo msingi wa kulinganishia. Hapa ndipo wengi hujidanganya, wengine bila kukusudia.

Tuchukue mfano wa kubuni. Ofisi yenye watumishi 40 ilitumia uniti 3,600 mwezi Machi na uniti 2,700 mwezi Julai. Je, imepunguza matumizi kwa asilimia 25? Huenda haikupunguza lolote. Machi ni mwezi wa joto na viyoyozi hufanya kazi kutwa. Julai upepo wa kusi hupoza jiji. Machi ilinganishwe na Machi, na Julai na Julai.

Aidha, kama umeme ulikatika siku sita katika mwezi, uniti zitapungua zenyewe. Huko si kubana matumizi, bali ni kukosa. Katika siku hizo jenereta lilinguruma, na dizeli ikapanda. Ndiyo sababu umeme na dizeli ya jenereta visomwe pamoja. Hali kadhalika kwa maji: mwishoni mwa mwaka 2022, mto Ruvu ulipopungua kwa sababu ya ukame na Dar es Salaam ikaingia katika mgawo, ofisi ambayo ankara yake ilishuka haikuwa na haki ya kujisifu.

Jambo la tatu ni idadi ya watu. Ofisi ile ya mfano ikiongeza watumishi kutoka 40 hadi 60, na uniti za Machi zikapanda kutoka 3,600 hadi 4,500, kila mtumishi sasa anatumia uniti 75 badala ya 90. Kwa mtumishi mmoja mmoja kuna nafuu; kwa jumla kuna ongezeko la asilimia 25. Taarifa ya kweli huandika hesabu zote mbili. Ya kwanza inaonyesha bidii ya watu. Ya pili inaonyesha mzigo wenyewe, kwa maana mto na anga havijui idadi ya watumishi wetu.

Kurekebisha

Baada ya kupima, mpangilio mzuri ni huu: kwanza kukarabati, pili kubadili mazoea, tatu kununua upya. Ofisi nyingi huanza na la tatu kwa sababu ununuzi huonekana na hupigwa picha.

Ukarabati hauna sifa, lakini una faida. Bomba linalovuja likijaza kikombe cha robo lita kwa dakika tano hupoteza lita 3 kwa saa, lita 72 kwa siku, na zaidi ya lita 2,000 kwa mwezi. Ni maji ambayo familia ya Chamazi ingeyanunua kwa ndoo. Tena, gharama ya kuziba uvujaji huo mara nyingi ni mpira mmoja wa koki.

Mazoea nayo yana hesabu yake. Kiyoyozi kinachovuta kilowati 1.5, kikizimwa saa moja ya chakula cha mchana katika vyumba vitano kwa siku 22 za kazi, huweza kuokoa hadi uniti 165. Kati ya zile rimu 60, nusu ikichapwa pande zote mbili, rimu 15 hubaki bohari. Mfumo wa ofisi mtandao unaosimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao unaweza kupunguza karatasi zaidi, mradi barua iliyotumwa kwa kompyuta isichapwe tena ili iwekwe kwenye jalada la masijala.

Karatasi za zamani zinahitaji uangalifu. Nyaraka za serikali zinalindwa na Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002; haziuzwi wala kuchomwa kwa hiari ya mkuu wa ofisi. Zikipata kibali cha kuteketezwa, ni afadhali zikatwekatwe na kupelekwa kwa watengenezaji karatasi kuliko kuchomwa nyuma ya jengo, moshi ukaingia madarasani kwa jirani.

Kutenganisha taka kuna mtego wake pia. Ofisi ikiweka mapipa manne ya rangi nne, kisha lori moja likayabeba yote pamoja hadi Pugu, kilichofanyika ni maonyesho tu. Kabla ya kununua mapipa, ofisi ijue nani atachukua karatasi, nani atachukua chupa, na mabaki ya chakula yataozeshwa wapi yawe mbolea. Wala tusiwasahau mama lishe wanaopika kwa mkaa nje ya uzio: chakula kile ni cha watumishi, na mkaa ule ni sehemu ya hesabu ya ofisi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Ofisi inaweza kuanza kwa kuwasaidia mama lishe wake kupata majiko ya gesi, badala ya kuwafukuza.

Kikwazo kikubwa

Kikwazo kikubwa mara nyingi ni kwamba anayetumia siye anayelipa. Ofisi ya kata huwasha taa, halmashauri hulipa ankara. Tena, fedha iliyookolewa ikirudishwa juu na bajeti ya mwaka ujao ikapunguzwa, mtumishi mwangalifu ameadhibiwa kwa uangalifu wake. Inafaa sehemu ya kilichookolewa ibaki kwa ofisi husika, kwa ukarabati. Inafaa pia awepo mtumishi mmoja mwenye jina na daftari, na matokeo ya kila mwezi yabandikwe ubaoni ambapo mwananchi anayesubiri huduma atayasoma. Namba iliyofungiwa kabatini haimbadilishi mtu.

Nafasi ya mchungaji

Mchungaji hana amri juu ya ofisi ya serikali, na fundisho letu la tawala mbili linatukataza kujitwalia amri hiyo. Lakini Luther katika Katekismo Ndogo ya mwaka 1529, alipoeleza ombi la mkate wa kila siku, alihesabu ndani yake serikali njema na hali njema ya hewa pamoja na chakula na nyumba. Mtumishi wa umma anayeziba bomba linalovuja anahudumia mkate wa jirani yake. Kadhalika wakili wa Luka 16 alidaiwa hesabu, na sura hiyohiyo inafundisha kwamba uaminifu hupimwa katika mambo madogo.

Tunaweza basi kufanya mambo mawili. La kwanza ni kuwatia moyo washarika walio katika ofisi hizo, kwa maana aandikaye namba za kweli mahali ambapo namba nzuri ndizo zinazotakiwa anahitaji ujasiri. La pili ni kupima nyumba yetu wenyewe: ofisi za usharika, shule, hospitali na vyuo. Mambo yote matano tuliyoyataja yanafaa huko bila kubadilishwa.

Hitimisho

Mwezi Desemba 2011 mafuriko yaliwaua watu wapatao 40 jijini Dar es Salaam, na familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Mvua ilikuwa kubwa mno, lakini mitaro iliyoziba taka huifanya kila mvua kuwa kubwa zaidi. Taka za ofisi ni sehemu ndogo ya taka za jiji. Uzito wake uko mahali pengine: afisa anayemtoza mwananchi faini kwa kutupa taka atasikilizwa kwa moyo pale tu mwananchi anapojua kwamba ofisi ile nayo imepima za kwake. Sheria isiyoanzia nyumbani kwa mwenye sheria huonwa kuwa ni uonevu, na watu huikwepa usiku. Mizani ya sokoni na daftari la shilingi chache vinaweza kuanza kuirudishia heshima yake.